Msiba wa Penseli

Taa ilikuwa imeshawaka kijani kabla Faki Shaame hajamaliza ubeti wa pili, na watu ukumbini wakashusha pumzi.

Kilichowasha taa ile kilikuwa boksi la ukutani, kubwa kiasi cha redio ya mezani, lisilo na kitufe wala kioo. Wakubwa waliliita Kipimamoyo. Kilisikiliza mashairi, nyimbo na hadithi zinazosomwa hadharani, kikapima uzito wa maneno, urefu wa pumzi na mahali msomaji alipomeza mate, kisha kikatoa hukumu yake. Kijani, moyo mzima. Njano, moyo umechoka. Nyekundu, mtu huyu apelekwe zahanati leo hii.

Kwa nini mashairi? Kwa sababu sheria ya Mirihi ilikataza mashine kusikiliza maongezi ya watu au kufungua barua zao. Lakini shairi likishasomwa mbele ya watu, walisema wanasheria, si siri tena. Basi kila mkazi wa mji ule alitakiwa kupanda jukwaani angalau mara moja kila miezi miwili, ajue kutunga asijue. Wachimbaji waliimba kwaya, wapishi walisimulia visa vya sungura. Mji wenyewe jina lake rasmi lilikuwa Makao ya Matumaini. Watu mia nne waliokuwa wakiishi humo, chini ya mita kumi na mbili za udongo mwekundu, waliuita Shimoni.

Waliopenda kuandika kwa dhati walikuwa wanne tu, na walijiita Baraza la Penseli. Penseli, kwa sababu waliandika kwa mkono juu ya karatasi kuukuu za vichujio vya hewa, vitu ambavyo Kipimamoyo hakina namna ya kuvisoma. Kila Jumatano walikutana chumba cha kufulia, mashine zikinguruma, wakapeana rasimu. Kanuni yao ilikuwa moja na hawakuivunja hata siku moja: mwenye kazi anyamaze. Wenzake wasome, waseme, wakate, waongeze, na yeye midomo afunge mpaka wa mwisho amalize. Ijumaa ndipo kazi iliyosahihishwa ilisomwa ukumbini.

Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Kyaruzi, aliyefundisha watoto kumi na mmoja wa Shimoni na ambaye angeweza kusamehe wizi kabla hajasamehe mizani iliyopungua. Sista Bhoke alikuwa muuguzi wa zahanati, akiandika hadithi fupi za watu wenye hasira. Faki, fundi wa mabomba kutoka Wete, alitunga mashairi ya mwanawe Raya, ambaye alimwacha na miaka mitatu na sasa ana minane. Na Mashavu Haji, mhandisi wa hewa, mwanamke wa miaka arobaini na minne kutoka Tanga, ndiye aliyekuwa na mkono. Mashavu aligusa maneno mawili, shairi zima likageuka sura.

Na kugeuza sura ndiyo iliyokuwa kazi ya baraza, tuseme kweli. Mwaka wa kwanza mwenzao mmoja, Bi. Zuhura, alisoma utenzi wa kumlilia mumewe. Taa ikawaka nyekundu. Wakamtia zahanati miezi miwili, akatoka amekonda na hasemi na mtu. Tangu siku hiyo wanne hawa waliapa kwamba hakuna mwenzao atakayepanda jukwaani na huzuni mkononi. Rasimu ikija na machozi, ilifutwa machozi pale pale kwenye mashine za kufulia.

Shairi la Faki la siku ile, kwa mfano, lilikuja Jumatano likisema hivi:

*Meno yake yameota, baba sikuyahesabu,*
*Kwa mbali ananiita, na kujibu ni adhabu.*

Mashavu alilisoma mara mbili. Lilimchoma, na alijua ni shairi zuri kuliko yote aliyowahi kuletewa mle. Kisha akalamba ncha ya penseli, akaandika:

*Meno yake yameota, cheko lake ni thawabu,*
*Kwa mbali ananiita, na kujibu si taabu.*

"Mizani imekaa," Mwalimu Kyaruzi alisema kwa kuridhika.

Faki alinyamaza, kama kanuni ilivyotaka. Alipopewa ruhusa ya kusema alisema, "Ahsante, Da Mashavu," akaikunja karatasi.

Jumatatu iliyofuata likaja tangazo. Meli ya kurudi duniani hufika kila baada ya miezi ishirini na sita, na siku zote nafasi zake arobaini zilipigiwa kura ya bahati. Safari hii, lilisema tangazo, uongozi umeona utaratibu huo si wa haki. Orodha itapangwa na Kipimamoyo, kwa kumbukumbu za miaka mitano. Waliochoka zaidi watatangulia. Wenye mioyo mizima watabaki kulijenga taifa jipya.

Faki alilisoma tangazo mlangoni pa kantini. Akalisoma tena. Halafu akaenda kumtafuta Mashavu kwenye chumba cha pampu.

"Mashairi thelathini na moja," alimwambia. "Yote kijani. Da Mashavu, mimi ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote Mirihi."

Mashavu akakaa juu ya tangi.

"Nilikuwa nakukinga," alisema mwishowe.

"Najua ulikuwa unanikinga. Ndiyo maana hata kukutukana siwezi." Faki alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeumia. "Ningekuwa nimekosana nawe, leo ningekuwa nafunga mizigo."

Siku zile mbili Mashavu hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alijua kosa ni la wote wanne, lakini mwandiko ulikuwa wake. Na yeye mwenyewe alikuwa kwenye mtego ule ule: mashairi yake ishirini na tisa, yote ya maua na mvua, yalikuwa yamemfungia mlango. Mama yake, Bi. Kazija, alikuwa na miaka sabini na minne. Miezi ishirini na sita ya kungoja meli nyingine, na saba ya njia, kwa mtu wa umri huo si muda wa kuchezea.

Jumatano baraza likakutana. Mwalimu Kyaruzi hakuwa na haraka ya kwenda popote, mkewe alikuwa naye. Sista Bhoke hakuruhusiwa kuondoka mpaka aje muuguzi mwingine. Waliotaka kurudi nyumbani walikuwa Mashavu na Faki, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa baada ya usomaji.

"Nafasi thelathini na tisa zimeshajaa," alisema Bhoke. Zahanati ilipata orodha kabla ya wengine. "Imebaki moja. Sikilizeni niwaambie ile kitu inavyofanya kazi. Inachukua wastani. Faki, hata ukisoma shairi lako lenyewe Ijumaa, lile la meno, utapata njano. Na wenye njano wako kumi na wawili mbele yako, wachimbaji wale."

"Kwa hiyo hakuna njia?" aliuliza Mwalimu.

"Iko moja. Msiba. Mtu akifiwa na mzazi au mtoto, wastani unawekwa pembeni. Anatangulia wote, na safari hii halazwi zahanati, anangoja meli tu."

"Na wanahakikishaje kama kweli amefiwa?"

"Hawahakikishi. Barua za nyumbani ni siri, sheria imekataza. Wanachosikia ni kile unachosoma."

Mashine za kufulia zilizunguka. Wote walikuwa wamelielewa jambo lile na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

"Mimi wazee wangu wote wawili wako chini ya mchanga tangu sijaja huku, na faili linasema hivyo," alisema Faki. "Sina mzazi wa kumwua. Nina Raya tu." Alitazama sakafu. "Usiku kucha nimejaribu. Siwezi. Hata kwa penseli siwezi."

Mashavu alikuwa ameleta rasimu yake, na sasa aliona aibu kuitoa. Asubuhi ile ujumbe wa mama ulikuwa umefika, wa picha na sauti. Bi. Kazija alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia kwenye shughuli ya watu akala ubani, naye mama akacheka mpaka meno ya bandia yakachomoka, na Mashavu akacheka peke yake chumbani mpaka akashika ubavu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alikuwa ametunga shairi la furaha ambayo ilikuwa yake kweli:

*Mama kacheka kwa nguvu, nami nikacheka naye,*
*Ukanitoka uchovu, shida zaja baadaye.*

Hata hivyo aliitoa karatasi, ikapita mkono kwa mkono. Mwalimu Kyaruzi alihesabu mizani kwa vidole, akatikisa kichwa kwa uchungu, maana halikuwa na kasoro.

"Ukilisoma hivi, dada, umejifunga mwenyewe," alisema Bhoke.

Likamfikia Faki. Akalisoma, akachukua penseli. Mashavu alitaka kumshika mkono, lakini kanuni ni kanuni: mwenye kazi anyamaze. Faki aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea spana, kisha akalisoma kwa sauti ya chini:

*Mama amekwisha nguvu, nami sikuwapo naye,*
*Wamembeba kwa utuvu, sitomwona baadaye.*

"Mizani imekaa," alisema Mwalimu, na safari hii hakuridhika.

Mashavu aliporuhusiwa kusema, alisema, "Huo ni uchuro, Faki. Mama yangu mzima."

"Mzima, ndiyo. Na ukitaka kumkuta mzima, hiyo ndiyo nauli." Akamrudishia karatasi. "Kiti kile sikipati mimi. Usipokaa wewe atakaa mtu ambaye hata shairi hajawahi kulipenda. Ukifika, nenda Wete, mwone Raya."

"Unanilipiza?"

Faki alifikiri kwanza. "Kidogo," alisema. "Lakini nimekupa ubeti mzuri."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Faki alitangulia. Alisoma shairi lake la meno kama alivyoliandika yeye, bila neno hata moja la Mashavu, na mpishi mmoja akajifuta macho kwa aproni. Taa ikawaka njano, kama Bhoke alivyosema.

Mashavu akapanda. Mfukoni alikuwa na karatasi mbili. Mpaka anafika jukwaani hakuwa ameamua ni ipi. Alipoingiza vidole mfukoni alijiambia kwamba ataisoma ile ya cheko, na Mungu atajua. Akaiona sura ya mama yake akilitafuta jino la bandia chini ya mkeka. Akahesabu miezi, ishirini na sita na saba. Akatoa ile nyingine.

Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye neno *sitomwona*. Pale ilikatika. Hakuigiza. Alikuwa ameogopa kikweli kwamba amelitamka jambo ambalo lilikuwa linangoja kutamkwa.

Taa ikawa nyekundu.

"Pole kwa msiba, Mhandisi Mashavu," kilisema Kipimamoyo kwa sauti yake ya upole, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. "Umepewa nafasi ya arobaini."

Watu wakamzunguka. Waswahili ni waswahili hata Mirihi: wakampa mkono, wakamwambia ndiyo njia yetu sote, wakamwuliza mama alikuwa akiumwa nini. Akina mama wa kantini wakatandika mkeka na kuchemsha chai ya matanga. Mmoja alimwuliza jina la marehemu ili asomewe dua, na Mashavu, kwa kuwa hakuwa na pa kutokea, alilitaja. Bi. Kazija binti Omari. Mji mzima ukaitikia amina. Faki naye aliitikia, amekaa mwisho wa mkeka, kikombe mkononi.

Mashavu aliaga kwamba anajisikia vibaya, akaenda chumbani, akafunga mlango. Akawasha kinasa-ujumbe.

"Mama, uko salama?"

Ujumbe kutoka Mirihi siku zile ulichukua dakika kumi na mbili kufika Tanga, na jibu dakika kumi na mbili nyingine. Mashavu alikaa kitandani. Alikunja shuka, akalikunjua. Dakika ya ishirini na nne ikapita. Ya thelathini ikapita. Alianza kumwomba Mungu msamaha kwa sauti, kwa maneno ya utotoni.

Dakika ya arobaini na moja uso wa Bi. Kazija ukatokea, na kanga kichwani, umekunjwa kwa wasiwasi.

"Niko salama, mwanangu, nilikuwa naswali. Kwani umeota nini? Mbona umebadilika hivyo?" Alisogea karibu na kioo. "Leo si Ijumaa, siku yenu ya kusoma? Wenzio wamesemaje? Hebu nisomee na mimi, niwasomee majirani."

Mashavu alibonyeza kitufe cha kujibu, mashine ikaanza kurekodi.

"Sijaandika kitu, mama," alisema.