Kibati Kilichobaki Ukutani

Soko la vitambaa lilifurika watu, na fundi cherehani alikuwa anapenya katikati yao amekumbatia jora la satini nyeupe, mzigo wa bibi harusi wa watu, mtu alipojikwaa na kumwegemea. Alipogeuka, alama ya kiganja kizima ilikuwa juu ya kitambaa, nyeusi tii.

"Wewe! Huna macho?"

"Ninayo, dada, na ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa nakutazama wewe badala ya ninapokanyaga."

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli la buluu limepauka, kofia ngumu kwapani, tabasamu la mtu asiyejua kununa. Fundi alishaandaa maneno ya kumtosha, lakini harufu ikamziba mdomo. Masizi ya makaa ya mawe! Tangu mtambo wa umeme wa mtaani kwao uzimwe, hakukutana tena na mtu anayenuka hivyo. Baba yake alinuka hivyo.

"Umetoka wapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwenye mtambo wa zamani. Sisi ndio tutakaouvunja. Wananiita Nyundo. Kitambaa kingine nakununulia sasa hivi. Namba yako ya simu ndiyo naiomba bure."

Akampa. Lile jora lililochafuka akaondoka nalo pia, wala hakulifua.

Simu zikaanza.

"Sindano wangu, umekula?"

"Wako tangu lini? Nitakuchoma."

"Nichome tu, mpenzi. Mimi nimekufa nimeoza."

Alicheka mpaka cherehani ikapinda mshono. Lakini jioni hacheki mtu katika nyumba yao. Mnara wa mtambo ulisimama nyuma ya ua, na baba alikuwa mchocheaji wa matanuri yake. Siku moja ghala la makaa liliporomoka, yeye akiwa ndani. Wakafukua mpaka wakakata tamaa, wasione hata kiatu.

Langoni mle kulikuwa na ubao wa misumari. Kila aliyeingia zamu alitundika kibati chake cha shaba, na akitoka alikichukua kwa mkono wake mwenyewe. Cha mwenzako hukigusi. Mtambo ulipofungwa kila mtu aliondoka na chake, kikabaki kimoja, cha baba. Ndiyo maana mama hakuvaa nguo nyeusi hata siku moja. "Mume wangu yuko kazini," alisema. Na kila jioni, saa ya kutoka zamu, mtu alikohoa mara mbili nje ya mlango, kama baba alivyozoea kukohoa vumbi kabla hajaingia. Mama haufungui. "Bado hajaruhusiwa," husema, anaendelea kukunja nguo.

Sindano alimweleza Nyundo kuhusu ghala na kibati, akilia. Habari ya kikohozi aliimeza. Nani angemwelewa?

Basi Nyundo akaja na zawadi, ameifunga kwa utepe.

"Fungua, mpenzi. Hii hakuna mwanamume mwingine angekuletea."

Alifungua. Kibati cha baba.

"Umekitoa?"

"Kilikuwa peke yake ukutani. Juma hili ubao wote utakuwa vumbi, nikaona..."

"Umemtoa baba kazini bila kumleta nyumbani! Sasa yuko wapi?"

"Sindano, jamani, mimi..."

"Ondoka!"

Jioni ile hakuna aliyekohoa. Wala ya pili yake. Mama aliinuka, akashika njia, akawa anasimama kila kona ametega sikio.

"Mama, unatafuta nini?"

"Baba yako. Ametoka, mwanangu, na mtaa umejengwa upya. Atajuaje nyumba?"

Hapo Sindano aliingiwa na hofu kwelikweli. Mnara ukianguka kabla baba hajapatikana, mama angezunguka mitaani mpaka kaburini. Simu za Nyundo alikuwa hazipokei. Sasa akapiga mwenyewe, akamweleza yote, kikohozi na mama barabarani.

Nyundo hakutia neno la mzaha. "Nilidhani nakuletea kumbukumbu," alisema. "Sikujua nimembeba mtu."

"Tuingize mle. Mimi na mama."

"Wakijua, nimemwaga unga."

"Basi?"

"Basi njooni kesho asubuhi, kabla wenzangu hawajafika."

Mama alivaa gauni lake la njano, alilokuwa akimpokelea mumewe siku za mapumziko. Langoni alikirudisha kibati kwenye msumari wake. Nyundo naye akatoa mfukoni vipande vitatu vya bati alivyovikata usiku. "Anayeingia anatundika, sivyo?" akauliza kwa haya, na moyo wa Sindano ukalainika papo hapo.

Ndani, majivu yaliwafika vifundoni. Matanuri yalikaa wazi, na baridi ilitoka vinywani mwake.

"Mume wangu!" mama aliita. "Zamu imekwisha. Nimekufuata twende."

Kisha, kutoka upande wa ghala, mtu akakohoa. Mara mbili.

Nyundo alimkamata Sindano mkono, na wake ulikuwa wa baridi kuliko chuma. Miguu ilitaka kukimbia, ilionekana. Lakini alivua kofia.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nisamehe. Nilishika kisicho changu."

Harufu ya makaa tu iliwapita karibu, nzito na ya joto, ikatangulia kuelekea langoni.

Kwenye ubao mama alichukua kibati cha mumewe, kisha chake. Akasogea pembeni ya lango, akampisha mtu, ndipo akafuata. Sindano akachukua chake. Nyundo alinyoosha mkono, akazuiwa.

"Usiguse," Sindano alisema, akalitoa bati la Nyundo na kulitia kifuani. "Hili nalitoa mimi."

"Mpenzi, hiyo ndiyo posa?"

"Posa utaipeleka kwa mama. Na kwa baba, maadamu yuko nyumbani."

Mnara ulianguka kesho yake, madirisha yote yakalia. Mama hakutoka kutazama. Jioni, saa ya zamu, alimwomba bintiye nguo nyeusi, akaivaa, akakaa chini na kulia kilio kilichomngoja miaka yote.

Harusi ikasubiri mpaka arobaini ya baba ipite. Sindano alishona gauni kutoka lile jora lililochafuka, akapanga kitambaa ili kiganja cheusi kikae kiunoni, pale Nyundo atakapomshika.