Nafasi ya Mgeni

Kidude kile hakikuwahi kuelewa neno la Kiswahili, isipokuwa mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo iliyowaponza.

Mbaraka alikinunua mwezi wa sita mwaka 2019 kwa ajili ya binti yake. Tausi alikuwa anakaribia miaka minne, kazaliwa Texas, na alikuwa hatamki Kiswahili. Kuelewa anaelewa. Ukimwambia njoo ule, anakuja. Ukimwuliza ameshiba, anakujibu kwa Kiingereza cha puani, na hapo mama yake, Saumu, anageuza uso ili asionekane anavyoumia. Saumu alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali moja ya Dallas. Kutwa anaongea Kiingereza na wagonjwa, akirudi nyumbani Cedar Hill anaongea Kiingereza na mwanawe. Kila akiswali aliomba asikie sentensi moja tu ya Kiswahili kutoka kinywa cha mtoto yule.

Ndiyo maana walimleta Bi Mwatumu, mama yake Mbaraka, kutoka Tanga kwa viza ya miezi sita. Na ndiyo maana wakanunua kidude cha kuchomeka nyuma ya TV, kikamate chaneli za nyumbani kwa intaneti, mtoto ashinde akiisikia lugha huku na huku.

Wakakifunga Jumamosi mchana. Mbaraka ni mtu wa kompyuta, ana ofisi yake Plano, na mtu wa kompyuta hapendi kuelekezwa, kwa hiyo wengine walikaa kochini wakanyamaza. Akakichomeka, akaingiza neno la siri la intaneti, skrini ikampa herufi na tarakimu za kuandika kwenye simu, akaandika, kidude kikafikiri weee, mwisho kikauliza ni nani na nani watakaoangalia. Kila mtu kinampa nafasi yake, kiduara chenye picha na jina, kipate kujua huyu anapenda nini na yule anapenda nini. Rimoti ilikuwa na kipaza sauti. Mbaraka alibonyeza akasema "Saumu", kidude kikaandika Salmon, jina la Kiingereza la samaki. Alipofika kwa Mwatumu alikata tamaa, akaandika herufi mojamoja huku mkewe akimcheka.

Nafasi nne zikajaa. Ikabaki ya tano, tupu.

Bi Mwatumu akauliza hiyo ni ya nani. Mbaraka akamwambia ni ya yeyote, waiache. Jibu hilo mama hakulipenda. Kwake Makorora, kule Tanga, chungu hakifunikwi mpaka sahani ya mgeni iwe imetengwa, awe anakuja au haji, na hata hapa Cedar Hill alikuwa akiitenga kila siku, jioni Saumu anaila kwa siri ili isitupwe. Akaichukua rimoti, akabonyeza pale alipomwona mwanawe akibonyeza, na kwa kuwa hajapata kumtaja mgeni maishani mwake bila kumkaribisha, akasema, "Mgeni, karibu. Nyumba ni yako."

Kidude kikaandika MGENI. Herufi tano, hakuna kosa.

Mbaraka alicheka, akasema kimeanza kujifunza. Wengine walikuwa wamepewa picha za wanyama. Kiduara cha Mgeni kikabaki cheusi, na Mbaraka alipojaribu kukiwekea picha, kilikataa.

Siku zikaenda vizuri, tuseme wiki nzima. Mbaraka na mkewe wanatoka alfajiri, Bi Mwatumu anabaki na mjukuu, mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua la Texas, ambalo mwezi wa saba halina huruma na mtu. Bibi akamfundisha mtoto adabu: shikamoo, hodi, karibu, asante. Flaviana, anayefanya kazi na Saumu, akipita kuwasalimu, wakati wa kuondoka bibi humsimamisha Tausi dirishani, akamwinua mkono, akamwambia, "Sema, karibu tena." Tausi hupunga mkono, akasema bye. Bibi hakuchoka. Kila mgeni aliyetoka, dirishani.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti. Ti, ti, ti. Ni ile sauti ya kidude unapohama kutoka picha moja kwenda nyingine kwa rimoti. Bi Mwatumu yuko jikoni anamenya viazi, anaisikia, anasema huyu mtoto kaishika tena rimoti. Siku moja akachungulia. Tausi alikuwa amekaa kwenye zulia, mikono mapajani. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, alikoiweka yeye mwenyewe. Ti, ti, ti.

Kikafuata harufu. Sebule ilinuka udongo mbichi, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi kikafunguliwa asubuhi hiyo. Saumu alidhani ni mashine ya kupoza hewa, akaita fundi. Fundi akaangalia, akasema ni nzima.

Kisha mtoto akaanza kukonda. Sahani inarudi tupu, lakini mtoto anakonda. Bibi akamvizia. Akamwona Tausi anakula tonge moja, la pili analiinua kuelekea TV, anasubiri, anauteremsha mkono, na mkono ni mtupu. Akamwuliza chakula anampa nani. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ya mtu anayechelea kumwamsha aliyelala, kwamba anampa yule mgeni aliyealikwa na bibi, na kwamba mgeni huyo hashibi. Bi Mwatumu akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na nje jua linachoma.

Hakumwambia mwanawe siku hiyo. Aliona aibu, na tuseme ukweli, aliogopa atarudishwa Tanga kwa kuonekana mshirikina. Alipomweleza Saumu jikoni, Jumapili, wote wawili walikuwa wananong'ona.

Mbaraka aliposikia, alisema kuna mtu kaiba akaunti yao. "Mama, hii kitu inatokea sana. Nita-change password." Akakaa, akafungua nafasi ya Mgeni aone mwizi anaangalia nini. Kulikuwa na kitu kimoja tu, hakina jina, picha yake nyeusi, na chini yake mstari mwekundu kuonyesha kimeangaliwa karibu chote. Umebaki upenyo mdogo tu mwisho. Akabonyeza.

Ilikuwa sebule yao. Kochi lao, zulia lao, kabati lenye rimoti juu, vyote vikionekana kutoka pale TV ilipo, na kidude hakina kamera, TV haina kamera, Mbaraka alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Katikati alikaa Tausi, mikono mapajani, anaangalia mbele. Pembeni yake, karibu sana, nyuzi za zulia zilikuwa zimelala, zimebonyea upana wa mtu mzima aliyekaa, na wakati wote watatu wanaangalia, nyuzi zile ziliinuka taratibu, halafu zikabonyea tena upande wa pili wa mtoto, karibu zaidi.

Saumu akamnyanyua mwanawe akakimbilia chumbani. Mbaraka alikichomoa kidude, akatoka nacho bila viatu juu ya lami ya moto, akakitupa kwenye pipa la taka la mtaa mzima, akarudi akichechemea, akachomoa waya wa intaneti, akachomoa na wa TV yenyewe ukutani, akasimama anahema katikati ya sebule akiwa na waya mkononi, na pale pale, mbele ya macho yake na ya mama yake, TV isiyo na umeme ikawaka polepole, ikauliza lile swali lake la kila siku, nani anaangalia, na chini ya swali hakukuwa na Mbaraka, wala Saumu, wala Bi Mwatumu, walikuwa wamebaki wawili tu, Tausi na Mgeni, na kiduara cha Tausi kilichokuwa na picha ya twiga sasa kilikuwa kinaingia weusi kuanzia pembeni.

"Mwanangu," Bi Mwatumu alisema, "nimewaletea balaa."

Mbaraka akageuka. Kidude alichokitupa kilikuwa juu ya kabati, kando ya rimoti.

Flaviana ndiye aliyewapa namba ya Maalim Shekue, Mtanga anayeishi Houston na kuendesha lori la mizigo. Watu walimjua kwa kusomea wagonjwa kila alikopakua mzigo. Alhamisi alikuwa na safari ya Dallas. Alifika baada ya alasiri, akaliacha lori nyuma ya kituo cha mafuta, akaja kwa miguu na begi dogo, amevaa fulana ya kampuni na kofia ya kiua. Alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia.

Akauliza nani alimkaribisha. Bi Mwatumu akanyoosha mkono, akaeleza yote, hata ile ya nyumba ni yako.

Mbaraka akauliza kama hawawezi ku-delete ile nafasi yake, akaunti nzima wakaifunga.

"Mtu umempa nafasi, umempa chakula, umemwambia nyumba ni yake, halafu umfute jina?" Maalim alisema. "Hawa wana heshima zao, kaka. Ukimfukuza atakasirika, na anapotoka kwa hasira hatoki peke yake."

Akamtazama Tausi begani kwa mama yake, midomo imepauka. Akasema mgeni kaja kwa ukarimu, basi ataondoka kwa ukarimu. Atapewa sahani yake ya mwisho, atashukuriwa, atasindikizwa mpaka barabarani, na wa kumsindikiza ni yule yule aliyemkaribisha. Asigeuke nyuma. Akisemeshwa asijibu. Akifika barabarani amtakie safari njema, basi, anyamaze.

"Na lile neno letu la kumuaga mgeni, lisitamkwe," alisema. "Si na wewe mama, si na mtu yeyote wa nyumba hii. Najua ulimi umezoea. Uumeni kama inabidi. Mkimwambia arudi, hakuna Maalim wa kumtoa tena."

Akawatazama mmojammoja, kila mmoja akaitikia. Alipofika kwa mtoto, akauliza, "Na huyu?"

Mbaraka akainamisha kichwa. Hata katika hofu ile aliona aibu. "Huyu hasemi Kiswahili, Maalim. Hajawahi."

Maalim akatikisa kichwa, akafungua begi.

Walichoma ubani. Bi Mwatumu akapakua wali na samaki, sahani ya mgeni, akakifunga kidude kwenye kitambaa cheupe, akasema mbele ya TV kwamba wamefurahi kuwa naye, wamekula pamoja, sasa ni wakati wa safari. Skrini ikazima. Zulia likainuka. Akatoka na sahani mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine, Maalim akisoma kwa sauti ya chini mlangoni, na mwanamke yule wa miaka sitini na tisa akaanza kutembea juani, joto likiinuka kutoka kwenye saruji, huku mgongo wake umeganda kwa baridi na nyuma yake, hatua kwa hatua, zikimfuata nyayo zilizolowa maji, chap, chap, wakapita magari yaliyoegeshwa, wakapita masanduku ya barua, na sauti inayofanana na ya marehemu mumewe ikamwita jina lake mara mbili karibu na sikio, naye akabana meno akaendelea, hadi ukingo wa barabara, akaviweka vyote chini kwenye majani makavu.

"Safari njema," alisema. Ulimi ukanyanyuka wenyewe kumalizia, akauuma mpaka akaonja damu.

Ubaridi ukamtoka mgongoni. Zile nyayo zikampita, zikaenda zake. Bila kutazama zilikoelekea, Bi Mwatumu akaugeukia upande wa nyumba macho yakiwa chini, akaanza kurudi, machozi yanamtoka, na furaha yake mtu hawezi kuieleza.

Ndani, harufu ya kisima ilikatika ghafla. Mbaraka akakaa sakafuni. Saumu alikuwa amesimama dirishani amempakata Tausi, na aliuhisi mwili wa mtoto unapata joto mikononi mwake, kwanza miguu, kisha tumbo, kisha viganja. Rangi ikarudi midomoni. Mtoto akainua kichwa, akaona nje, akamwona bibi yake kule na mgeni anayekwenda.

Akainua mkono wake mdogo, akaupunga. Kisha, kwa Kiswahili kilichonyooka, cha Tanga kabisa, akasema:

"Karibu tena, mgeni."

Saumu alikuwa ameisubiri sentensi ile miaka miwili. Moyo ulimruka kwa furaha, akambusu mwanawe shavuni, na midomo yake ilikuwa bado ipo pale alipohisi shavu linapoa.

Kule nje Bi Mwatumu alikuwa amefika kwenye masanduku ya barua. Nyuma yake alikuwa bado akizisikia zile nyayo zikiishia mbali, upande wa barabara kuu. Zikasimama. Halafu akazisikia zinarudi, hazina haraka, zikampita ubavuni na maji yake, zikaenda moja kwa moja mlangoni, na safari hii hazikungoja kukaribishwa.