Rudia Jina la Mevlida

Naanza kwa jina la Mwenye kuhuisha na kufisha, ambaye Kwake peke Yake iko ilimu ya nani yu hai na nani amekwisha kufa, wala hakumpa mwanadamu idhini ya kumtangulia katika hukumu hiyo. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake, aliyetufunza kuunga undugu hata na yule aliyeukata.

Ama baada ya hayo, wenye kisa niwapange kwanza, msomaji asipotee. Wa kwanza ni Mevlida, mwenye duka la mikate katika barabara ya Gravois, mjini St. Louis, miongoni mwetu Wabosnia tuliotupwa huku na vita. Aliwahi kuolewa akaachwa. Mikono yake ni ya haraka, na ulimi wake ni wa haraka zaidi. Wa pili ni Nermin, aliyehamia kutoka mji wa Utica. Kazi yake ni kuwatengenezea wafanyabiashara tovuti zinazofuata upana wa kioo: zikifunguliwa kwenye kompyuta hutanda, zikifunguliwa kwenye simu hujikunja, mtu asilazimike kukodoa macho. Alikuja dukani kuifufua tovuti ya zamani; kazi ikaisha, yeye asiondoke. Wa tatu ni Zineta, mama mdogo wa Mevlida, mlinzi wa tanuri. Wa nne nitamtaja atakapopokea simu.

Ndoa ya Mevlida na Nermin ilipangwa Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Imamu aliuliza swali moja tu: "Baba wa binti yu hai?" Mevlida akajibu, "Amefariki." Imamu akamwombea marehemu rehema, jambo likapita.

Siku ya Alhamisi, ukungu ukiwa umeziba dirisha la duka kama shuka, aliingia bibi mmoja asiyefahamika pale, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Asalaam alaikum. Poleni na msiba. Nimewaletea halua."

Harufu ya unga uliokaangwa kwa siagi ilienea. Kwetu sisi halua ya namna hiyo hupikiwa maiti; harufu yake ikitoka nyumbani kwa mtu, wapita njia hupunguza sauti.

Mevlida aliipokea sahani, ingali ya moto. "Ahsante, bibi. Nani amefariki?"

"Mwenye duka. Mevlida."

Zineta, aliyekuwa anasukuma mikate tanurini, alisimamisha mkono.

"Mevlida ni mimi."

"Mwanangu, mimi sipendi mzaha juu ya maiti."

"Wala mimi siupendi. Nani kakuambia?"

"Nilipiga simu asubuhi, kuagiza mikate ya akika ya mjukuu wangu. Mwanamume akapokea. Hakusema kitu mpaka nikamaliza maneno yangu yote. Kisha akaniuliza, 'Unamtaka nani?' Nikamwambia, Mevlida. Akasema, 'Rudia jina.' Nikarudia. Akasema, 'Huyo amekufa.' Akakata."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya upole. Kama ya mtu anayezungumza katika nyumba iliyohamwa."

Yule bibi akanyoosha kidole, akaugusa mkono wa Mevlida upesi upesi, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Kisha akatoka kinyumenyume, sahani yake ameiacha.

Zineta akaonja. "Ukifa kweli, tanuri uniachie mimi. Yule Nermin wako hajui hata kuwasha kiberiti."

"Mama mdogo, nyamaza."

"Nanyamaza. Ila kakubania siagi."

Hawakucheka sana, kwa kuwa jioni ile zilianza kuingia jumbe katika simu ya duka.

"Tumepata kwa huzuni habari ya Mevlida. Oda yetu ya harusi tumeipeleka kwingine. Mungu awape subira."

"Tulipiga, mzee akatujulisha. Hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea."

Mevlida akaandika: "Mimi Mevlida ni mzima, niko dukani."

Jibu likaja: "Tafadhali, yeyote unayeitumia simu ya marehemu, mche Mungu."

Ijumaa asubuhi, alipokuja kufungua duka, aliikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilikuwa na ukingo wa kijani, kama zile tunazotangazia misiba yetu. Jina lake lilikuwa katikati, kwa herufi kubwa. Mahali pa siku ya maziko pameachwa wazi. Aliyeibandika hakujulikana, na bila shaka alikusudia wema.

Akampigia Nermin.

"Njoo dukani."

"Kuna nini?"

"Nimebandikwa mlangoni."

Nermin alipofika alimkuta amekaa nyuma ya meza ya mikate, karatasi i mapajani.

"Tangu tovuti yako ifunguliwe," Mevlida alimwambia, "nimekuwa nakufa kidogo kidogo. Mteja wa zamani, anayeijua namba iliyochorwa dirishani, ananipata. Wageni wanaokuja kwa njia yako wanaambiwa niko kaburini."

"Unanishuku mimi?"

"Namshuku Damir. Aliponiacha alisema atahakikisha sisimami tena."

"Damir?" Zineta alidakia kutoka tanurini. "Yule hata akilala anafoka. Huyu wa simu ana adabu."

Nermin alifungua kompyuta yake juu ya meza. "Tazama mwenyewe. Namba ni yako, hii hapa juu."

"Naiona."

"Sasa naufanya ukurasa uwe mwembamba, kama simu." Akauvuta ukingo wa ukurasa polepole. Picha zikapangana moja chini ya nyingine, namba iliyokuwa juu ikatoweka, na chini kabisa kikazuka kitufe cha kijani, chenye maneno mawili tu: Piga Simu. Kijani kile kilikuwa sawasawa na cha ukingo wa karatasi iliyokuwa mapajani mwa Mevlida.

"Hicho kinapiga wapi?" Mevlida aliuliza.

"Kwako."

"Umewahi kukibonyeza?"

"Kwenye kompyuta hakipigi. Huwa naangalia kama kimekaa vizuri, kama kidole kinakienea."

"Sikuulizi habari ya kukaa. Kwenye simu, umewahi kukibonyeza?"

"Namba yako naijua kwa moyo. Sijawahi kukihitaji kitufe."

"Basi kibonyeze leo."

Alitoa simu yake, akaifungua tovuti, akabonyeza, akaweka spika, akailaza simu juu ya unga. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikapokewa, na hakuna aliyesema lolote. Ilisikika saa ya ukutani tu, ikienda kwa kuchechemea, kama mwenye mguu mmoja mfupi.

"Naomba kuzungumza na mwenye duka la mikate," Nermin alisema.

Kimya. Saa ikachechemea.

"Unamtaka nani?"

"Mevlida."

"Rudia jina."

Nermin alimtazama Mevlida, aliyekuwa mbele yake, anapumua. Nywele za mikono zikamsimama. "Mevlida."

"Huyo amekufa."

Simu ikakatwa. Ukungu wa dirishani ulikuwa umekaribia zaidi, au ndivyo walivyoona.

"Huyo ni baba yangu," Mevlida alisema.

"Baba yako alifariki."

Mevlida akaiokota simu, akaanza kuifuta unga.

"Ulimwambia imamu, nami nimekaa kando yako. Kila nikisali namsomea Fatiha. Mevlida, nani huyu aliyezungumza nami sasa hivi?"

Kwa kitambo kile, katika duka lile lenye joto la tanuri, Nermin aliingiwa na baridi. Maiti alikuwa amempa habari ya kifo cha aliye hai, naye hakujua amsadiki yupi. Akamgeukia Zineta. "Mama mdogo?"

Zineta alifuta mikono kwa aproni. "Rasim yu hai. Yumo katika nyumba ile ile, nyuma ya bustani ya Carondelet. Namwona sokoni akichagua pilipili, hanijibu salamu. Marehemu dada yangu alianza kuoka katika chumba cha chini cha nyumba hiyo. Namba ya kwanza ya duka ilikuwa ya nyumbani."

Nermin akashika kichwa. "Sehemu ya chini ya tovuti ya zamani niliinakili kama ilivyo, na namba hiyo ya nyumbani ndani yake, nikaigeuza kitufe cha simu. Kwenye kioo kipana haionekani. Kosa ni langu." Kisha akamkabili Mevlida. "Hilo moja. Lako je?"

Mevlida alizungumza akiutazama unga. "Nilitoroka na Damir, baba akiwa amekataa. Tukaenda Florida. Mama akaugua. Simu ilikuwa inalia mkononi mwangu, namba ya nyumbani, nami sikuipokea; nilidhani ni ugomvi. Niliporudi amekwisha zikwa. Baba alikuwa amewaambia watu makaburini, 'Leo nimezika wawili.' Nikamgongea mlango. Akanijibu kwa ndani, 'Mevlida amekufa.' Nikasema moyoni, vyema. Kama mimi nimekufa, yeye naye amekufa."

"Na mimi ungeniua lini?"

"Nermin."

"Nauliza. Maana naona kwenu ni jambo jepesi." Akamsogelea. "Nakupenda, na unajua. Lakini Jumapili sitakaa mbele ya imamu juu ya uongo. Siozwi yatima mwenye baba."

Akaivuta kompyuta. "Kitufe nakirekebisha sasa hivi. Hakuna tena atakayemsumbua mzee."

"Ngoja kwanza," Zineta alisema. "Ukikirekebisha, nani mwingine atampigia?"

Vidole vya Nermin vikasimama juu ya herufi. Mevlida aliwatazama wote wawili. Akafuta unga mikononi, akachukua simu yake mwenyewe, akaifungua tovuti ya duka lake mwenyewe, akabonyeza kitufe.

Saa ikasikika ikichechemea. Hakuna salamu.

"Nataka kuagiza mikate ya harusi," alisema.

Kimya.

"Unamtaka nani?"

"Mevlida."

"Rudia jina."

"Mevlida. Binti wa Rasim, binti wa Rahima."

Saa ilienda, ikaenda. Mtu angedhani hapakuwa na kitu upande wa pili ila saa hiyo.

"Huyo amekufa," sauti ilisema, lakini neno la mwisho halikufika zima.

"Najua, baba. Halua yangu nimeila mwenyewe. Ilikuwa na siagi kidogo."

Ulisikika mkoromo, wa kikohozi au wa kicheko.

"Mama yako alikuwa anamimina siagi kama maji."

"Nisamehe, baba. Simu ilikuwa mkononi mwangu siku ile."

"Mimi ndiye niliyekuwa napiga," mzee alisema. "Nilimshikia sikioni. Alitaka kusikia sauti yako tu, hata ungemtukana. Tangu siku ile, humu ndani simu ikilia siiachi. Yeyote awaye, naipokea."

Mevlida alilia bila sauti. Zineta akamshika mabega kwa nyuma.

"Mbona unawataka warudie jina?"

"Hakuna mwingine wa kulitaja humu." Saa ikachechemea. "Wanaisifu mikate yako. Nawaacha wamalize kwanza. Halafu ninakumbuka nilivyosema makaburini, mbele ya watu, nami ni mtu wa neno moja."

"Jumapili naolewa. Kijana amekataa kunioa. Anasema haozwi yatima mwenye baba."

"Kijana gani huyo?"

"Aliyeitoa namba yako kwa dunia nzima, bila kujua."

"Mwambie kazi yake mbovu."

"Amesikia, yuko hapa."

"Naam, mzee, nimesikia," Nermin alisema.

"Basi aiache hivyo hivyo mpaka Jumapili," mzee alisema, akakata.

Siku ya pili ukaingia ujumbe mmoja katika simu ya duka: "Ninyi watu wa ajabu. Nimepiga kuagiza bureki za nyama, mzee akanitaka nirudie jina. Nikarudia. Akaniambia, 'Yuko tanurini, mikono ina unga. Niambie mimi, nitamfikishia.'"

Jumapili, msikiti ulijaa kuliko ilivyotarajiwa, maana wengi walikuja kumtazama maiti anaolewa. Mzee Rasim aliingia amevaa koti alilolivaa mazikoni mwa mkewe. Aliposema salamu, watu kadhaa waliokaa nyuma waligeuka upesi: waliijua sauti ile. Yule bibi wa halua akashika kifua.

Imamu alimtazama Mevlida, kisha mzee. "Nilikuombea rehema za marehemu, bwana wangu."

"Zimefika," Rasim alijibu. "Niliziona zinanitosha kabisa."

Mevlida akainama mbele ya wote. "Nilidanganya, imamu. Mungu anisamehe."

Imamu akakubali toba yake, akawapanga mashahidi, akampa mzee mkono wa Nermin. Rasim akaanza maneno ya kuozesha, na alipofika penye jina, ulimi ukakwama. Msikiti mzima ulinyamaza, na waliowahi kupiga simu ile walihisi nywele zikiwasimama, kwa kuwa walikijua kimya hicho, na walijua huja neno gani baada yake.

Midomo ya mzee ikatikisika. Sauti haikusikika.

"Mashahidi hawakusikia, mzee," imamu alisema kwa upole. "Rudia jina."

"Mevlida," Rasim alisema. Akakaza mkono wa kijana. "Nimekuoza binti yangu Mevlida. Yu hai, watu wote mshuhudie. Yu hai."

"Nimekubali," Nermin alisema.

Jioni ile Nermin alikirekebisha kitufe, na safari hii alikibonyeza kwa simu yake, ya mkewe na ya Zineta, kila moja mpaka ilipolia dukani. Lakini simu ya duka bado hupokewa na mzee mwenye sauti ya upole, aliyehamishia kiti chake kando ya tanuri. Mpigaji humwacha amalize, kisha humwuliza anamtaka nani. Akilitaja jina, humwomba alirudie, na hakuna ajuaye kumwachisha mzee.

Ewe Mola, mrehemu Rahima, aliyetangulia akiwa na kiu ya sauti moja. Na hawa waliobaki, na sisi tuliobaki, tupe ndimi nzito katika kumwita mtu maiti, na nyepesi katika kumwita kwa jina lake. Wala usituchukue, ewe Mwingi wa huruma, kabla hatujapokea simu ya anayetutaka. Amin.