Sombe Iliyokataliwa Ijumaa Tatu

— Nimekula, Marlène. Leo niache tu.

Okwir aliisukuma sahani taratibu, macho chini. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa imetwangwa na Marlène kwa mikono yake, samaki wa chumvi juu, bugali pembeni unatoa moshi. Hii ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo.

— Umekula wapi?

— Kazini.

— Kazini kwa farasi? Umekula majani?

Okwir hakucheka. Alikuwa mtoto wa askari, mtu wa Lira aliyekulia kambini Mbuya, sasa mtunza farasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kikavu. Aliinuka kwenda kunawa uso uani, akaacha simu mezani. Ikalia. Marlène hakuwa mpekuzi, lakini macho hayana pazia.

“Leo pia usile kwake. Kesho saa nane nakungoja uwanjani. Adoch.”

Usile kwake! Kwao Bukavu hata mtoto anajua: mwanaume akianza kurudisha sahani yako, amepata jiko lingine. Na Jumapili, siku mbili tu mbele, wazee wa Okwir walikuwa wanakuja kumposa. Kaka yake mkubwa, yaya Barnabé, alikuwa njiani kuja kuwapokea.

Okwir alipoondoka, Marlène akampigia Barnabé huku analia, kisha akakimbilia kwa Esperance, fundi mwenzake wa kushona pale Kabalagala.

— Esperance, niko nakufa. Adoch mmoja anamwandikia Okwir asile kwangu, kesho wakutane uwanjani.

— Adoch ni nani?

— Ningemjua ningekuwa hapa nalia?

— Basi acha kulia, enda uone. Sifuna, yule Mkenya mwenye nilimushonea mashati, kesho anapeleka watalii kwenye mbio za farasi. Na wewe kuwa mtalii.

— Mimi nimekaa Kampala miaka nane, nitakuwa mtalii wa wapi?

— Vaa kofia. Kofia inatosha.

Jumamosi Marlène akavaa kofia pana na miwani myeusi, akajipenyeza katikati ya watalii kumi na wawili kutoka Nairobi. Begani alibeba mfuko wenye bakuli la ile sombe ya jana, amelipasha moto asubuhi. Alikuwa ameshaamua: litamwagwa lote juu ya kichwa cha huyo Adoch, mafuta na samaki wake.

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji: nyasi zilizokatwa vizuri, uzio mweupe, mahema, na watu wa kofia zilizoizidi hata yake. Sifuna alikuwa anaeleza kila kitu kwa raha zake.

— Hawa ndio wapanda farasi, jamani. Mkitaka picha, pigeni sasa, kabla hawajapimwa.

Marlène hakusikia zaidi. Okwir alikuwa pale, amevaa shati la kijani linalong'aa, na mwanamke wa suruali na buti ndefu alikuwa amemshika kiunoni kwa mikono miwili.

Wapi subira! Akauvuka uzio.

— Mama, huku watalii hawaruhusiwi! Sifuna akapiga kelele.

— Mimi si mtalii!

Kofia ilidondoka. Okwir akageuka.

— Marlène? Wewe iko hapa?

— Niko hapa. Huyu ndiye anakukataza kula kwangu?

Yule mwanamke naye akageuka. Alikuwa na mvi, umri wa kuwazaa wote wawili. Mkononi alikuwa na mkanda wa suruali aliokuwa akimkaza nao Okwir, maana suruali ilikuwa inamvuka.

— Ndiyo, ni mimi, akasema bila haya. Mimi Adoch, mwenye farasi. Nimemkataza sana. Na wewe unapika sana, binti yangu. Ijumaa moja tu kwako, huyu anaongezeka kilo mbili!

— Kilo za nini?

Kabla hajajibiwa, mzee mwenye karatasi akaita jina. Okwir akachukua tandiko la farasi, akalikumbatia, akapanda juu ya mizani kubwa. Mzee akainama, akasoma kwa sauti:

— Okwir, na tandiko lake, hamsini na nane kamili. Anafaa!

Adoch akapiga makofi. Marlène akaangalia mizani, akaangalia mashavu ya Okwir yaliyobonyea, na kitu kikafunguka kifuani.

— Okwir. Ni hii tu? Ni mizani?

— Ni hii tu. Kupita kilo hiyo, hapana kupanda.

— Ulisema umeacha kupanda mbio! Mwaka jana ulivunjika bega, mimi ndiye nilikulisha na kijiko. Uliapa mbele yangu!

— Niliapa. Lakini yule mama farasi amezeeka, leo ni mbio yake ya mwisho. Mtu mwingine akipanda, yeye anakataa kutembea. Nilitaka nimalizie naye. Niliogopa kukwambia. Marlène, sema nishuke, nitashuka sasa hivi. Shati mimi navua hapa hapa.

Alishaanza kufungua vifungo. Adoch alifumba mdomo, akangoja kama wote. Marlène alikuwa na hasira, tena hasira ya haki, lakini chini yake furaha ilikuwa inapanda tu, haimwombi ruhusa.

— Funga shati, akasema. Nilikuwa naogopa mwanamke wiki tatu. Kuogopa farasi dakika tatu nitaweza. Lakini siku nyingine, kama kuna hatari, niambie, tuiogope wawili.

— Mungu anasikia.

— Mungu alisikia na mwaka jana. Leo nisikie mimi.

Mbio zilipoanza Marlène alifumba macho, akamshika Sifuna mkono hadi kucha zikaingia.

— Ni wa ngapi?

— Wa tano… wa nne… Mama, mkono wangu!

— Ameanguka?

— Hajaanguka! Wa tatu! Amemaliza wa tatu, yuko mzima!

Marlène akafumbua macho, akalia mbele ya watalii wote, nao wakampiga picha.

Okwir alishuka, akambusu farasi mzee paji la uso, akapimwa tena kama sheria inavyotaka. Mzee alipotikisa kichwa kukubali, alikuja moja kwa moja, jasho linamtoka, macho kwenye mfuko.

— Hiyo ni nini?

— Ni ya kumwagia mtu.

— Mtu nani?

Adoch akacheka hadi akashika mbavu. Marlène akafungua bakuli. Okwir alikaa kwenye nyasi, akala kwa mikono miwili bila kuinua kichwa, na vidole akalamba.

Simu ikalia. Ilikuwa Barnabé.

— Mdogo wangu, nimeshafika Kampala. Jana kwenye simu ulikuwa unalia. Hao wazee kesho niwaambie nini? Niwarudishe?

Marlène akamtazama Okwir, ambaye alikuwa amesimamisha tonge hewani.

— Yaya, usiwarudishe. Waambie waje na njaa.

— Na bwana harusi?

— Huyo ameshaanza.

Kisha akapangusa mafuta kwenye kidevu cha mchumba wake.

— Kula polepole, papa wangu. Iko ingine nyumbani.