Umeme wa Asubuhi

Kila asubuhi Mama Kipusa alimbeba binti yake mgongoni kumpeleka shule. Kipusa alikuwa na miaka kumi, na miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Shule ilikuwa karibu, mtaa wa pili tu. Lakini mwakani angehamia shule kubwa, ng'ambo ya daraja. Na Kipusa alizidi kuwa mzito. Jioni mama yake aliinuka kitini kwa kushika ukuta.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani walimwita Cheche. Mwanzoni mwa mwaka alimwahidi bintiye baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono. Sasa mwaka ulikuwa umefika katikati, na baiskeli ilikuwa bado mabomba tu nyuma ya mlango.

Cheche hakuwa mvivu. Alifungua mapema karakana yake, pale pale nyumbani. Huyu alileta sufuria iliyong'oka mkono, yule kiti, mwingine komeo la geti. Cheche hakujua kumwambia mtu hapana. Alijiambia amalize vitu vidogo kwanza, kisha aishike baiskeli akiwa ametulia. Utulivu ulipatikana jioni. Lakini jioni kila nyumba imewasha taa na pasi. Umeme unakuwa hafifu, na chuma hakishiki vizuri. Mara mbili aliyachomelea mabomba yale jioni yawe fremu ya baiskeli, na mara mbili ikaachia.

Siku moja jirani yao alipita kuchukua toroli lake. Alikuwa rafiki wa Mama Kipusa, msimamizi wa ujenzi, mwanamke mwenye utani mwingi. Aliinua ile fremu, iliyochomelewa tena jana yake jioni, nayo ikaachia mkononi mwake.

"Shemeji, hii ni ya kumpandisha mtoto au ya kutegea panya?"

Cheche alicheka, kisha akaeleza habari za umeme wa jioni.

"Kwa hiyo umeme mzuri wewe unazipa sufuria," jirani alisema, "na mwanao unampa makombo."

Mama Kipusa alikuwa mlangoni, akimsuka binti yake. Akasema polepole kwamba mgongo wake hautafika ng'ambo ya daraja. Hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mumewe.

Jirani akavuta kigoda. Aliwaeleza kwamba kazini kwake hawaanzi na matofali. Wanataja kwanza siku ya kukabidhi jengo, kisha wanahesabu kurudi nyuma mpaka leo. Akauliza lengo lao la mwaka ni nini. Cheche akajibu kwamba anataka kutengeneza baiskeli. Jirani akatikisa kichwa. Hiyo ni kazi, alisema. Lengo ni kile mtakachokiona kazi ikiisha.

Kipusa ndiye aliyejibu. "Siku ya kufungua shule, nivuke daraja mwenyewe."

"Hilo kubwa, mwanangu," baba yake alisema.

"Basi lipe umeme wa asubuhi," jirani alisema. "Kila ukifungua karakana, jiulize: katika kazi zote hizi, ipi ikiisha itabadilisha maisha ya nyumba hii? Anza na hiyo. Nyingine zitasubiri, au mpe fundi mwenzako."

Wakakubaliana. Mwezi huo ungekuwa wa fremu. Kisha magurudumu na mnyororo. Miezi ya mwisho ingekuwa ya mazoezi.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Mama mmoja mwenye sufuria alinuna, akasema Cheche siku hizi anaringa. Cheche alimwomba radhi na kumwambia arudi mchana. Alirudi mchana, akiwa bado amenuna, na sufuria yake ikatengenezwa. Kazi chache zilikwenda kwa fundi wa mtaa wa juu. Nyumba haikulala njaa. Na fremu, iliyochomelewa asubuhi, haikuachia tena.

Siku ya kufungua shule, Kipusa alikaa kwenye baiskeli yake, begi miguuni. Mama yake alitembea nyuma, mkono tayari kusukuma. Walipofika darajani, Kipusa alisimamisha baiskeli, akageuka.

"Mama, rudi nyumbani. Nikikungoja nitachelewa."

Mama Kipusa alibaki pale, mikono mitupu, akimtazama mpaka alipoingia geti la shule. Kisha akageuka na kurudi nyumbani, mgongo umenyooka.