Waya Mmoja wa Wilo

Katika nyumba ya Nereida Maldonado, siku ilianza na shuka. Kabla kahawa haijachemka, Nereida alikuwa amekwisha kumgeuza mama yake kitandani, kumpangusa na kumtandikia shuka kavu. Ile iliyolowa aliibeba hadi chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni. Shuka tatu kila siku. Siku mbaya, tano.

Mama yake, Bi Tomasa, alikuwa amepooza upande mmoja kwa miaka minne. Mwili ulilala, lakini ulimi haukulala.

Huko Adjuntas, mji wa milimani kisiwani, mvua ya Oktoba haibishi hodi. Nguo ikianikwa asubuhi, jioni hushuka kambani ikiwa nzito kuliko ilivyopanda. Na mgonjwa akilalia shuka yenye unyevu, ngozi huchubuka, kisha hufanya kidonda. Muuguzi aliyekuja kila mwezi alikwisha kusema: "Siku nitakapoona kidonda mgongoni mwake, Bi Nereida, nitaandika kwamba nyumba hii haimfai." Efraín, kaka yake Nereida aliyeishi ng'ambo, Orlando, alikuwa akilingojea neno hilo. Alikwisha kuchagua nyumba ya kutunzia wazee katika mji wa Ponce.

Kwa hiyo mashine ya kukaushia nguo haikuwa anasa. Ndiyo iliyomweka Bi Tomasa chini ya paa la bintiye. Ilipomaliza kazi ililia kengele, na Bi Tomasa, ambaye chumba chake kilipakana na cha kufulia, aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nere! Mashine imelia!"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia kwa sababu nimekwambia!"

Mchana mmoja umeme ulikatika, kama ulivyozoea. Shuka zilikuwa ndani ya mashine, nusu kavu. Baada ya saa tatu ukarudi, na mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe. "Umekuja! Umekuja!" Masufuria yaligongwa, honi zikapigwa. Kisha, kama ilivyo desturi ya huko, kila mtu akakimbilia mashine zake azitumie kabla umeme haujaondoka tena. Nereida naye akakimbia. Akabonyeza kitufe.

Taa ya jikoni iliwaka kwa ukali, ikafifia, ikawaka kwa ukali zaidi. Ndani ya mashine kukasikika mlio mdogo, kama njugu iliyovunjwa kwa meno. Pipa lilizunguka, lakini joto halikuja. Shuka ziliendelea kuzunguka zikiwa baridi.

Fundi aliyeitwa kutoka mjini hakufungua hata skrubu moja. "Bodi imekufa, ule ubongo wa mashine," alisema. "Na bodi za aina hii hazitengenezwi tena. Nunueni mashine mpya."

Siku hiyo hiyo jirani yao, Bi Providencia Quiles, alikuja na sahani ya ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi. Bi Providencia alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha vifaa vya hospitali, akilehemu bodi za umeme, hadi kiwanda kilipofungwa na kuhamishiwa nchi nyingine.

"Niletee hiyo bodi niitazame," alimwambia Nereida. "Mara nyingi haifi bodi nzima. Hufa kipande kimoja."

Wilo, mumewe Nereida, alikuwa mezani. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mchapakazi, mtu asiyependa kuonekana ameshindwa.

"Ahsante, Bi Providencia. Hapa pana mwanamume."

"Namwona. Sikuuliza kama yupo. Nimeuliza bodi iko wapi."

"Kiwanda chenyewe kilikukimbia, bibi. Sasa unataka kukimbilia mashine zetu?"

Bi Providencia aliiweka sahani mezani, taratibu, akatoka. Nereida alijua kwamba mumewe amekosa adabu. Alijua pia kwamba sentensi moja tu ingetosha kumrudisha jirani yake. Hakuisema. Aliendelea kukoroga maharagwe.

Kesho yake Wilo alifungua mgongo wa mashine. Alichukua waya mmoja, akaipita bodi kando, akapeleka umeme moja kwa moja kwenye koili ya joto. Mashine ikapata moto.

"Umeona?" alisema, akijipangusa mikono. "Fundi wa nini?"

Lakini joto lile halikujua kuzima. Muda ulipokwisha, pipa lilisimama na kengele ikalia, bali koili iliendelea kuwaka mpaka plagi ichomolewe. Siku ya pili mashine ikakata joto yenyewe. Wilo akafungua tena.

"Kuna kijidude hapa kinakata umeme. Nacho nimekiruka."

"Hicho kijidude ni cha nini, Wilo?"

"Cha kuwauzia watu vipuri. Wewe kengele ikilia, chomoa plagi. Basi."

Nereida aliona shuka zinatoka na alama za rangi ya kahawia pembeni. Aliinusa moja. Ilikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa. Aliikunja, akaiweka chini ya nyingine ili isionekane. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi Efraín alipiga simu kutoka Orlando. "Nere, wewe umechoka. Mama anahitaji watu waliosomea."

"Mama hana kidonda hata kimoja."

"Bado."

"Na hatapata! Mimi namgeuza kila saa mbili. Wewe mara ya mwisho ulimgeuza lini?"

Kengele ya mashine ikalia.

"Nere! Mashine imelia!" mama aliita.

"Nimesikia, Mama!"

Akaendelea kubishana. Mama aliita tena. Nereida akafunika simu kwa kiganja, akajibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa mama yake: "Nimesikia, nimesema!" Akaendelea. Alikuwa akipigania haki ya kumtunza mama yake, na muda wote huo hakwenda kuchomoa plagi.

Sauti ya tatu haikuwa ya kuita. Ilikuwa kikohozi.

Moshi ulikuwa umejaa chumba cha kufulia na kupita chini ya mlango hadi kwa Bi Tomasa. Nereida alikimbilia mashine. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mlango wa pipa aliposikia Bi Providencia, aliyekuwa ameuona moshi, akipiga kelele kutoka uani:

"Usifungue! Ukifungua unaupa moto hewa! Kata umeme kwenye swichi kuu! Kisha tumtoe mama!"

Nereida alikata umeme. Walimburuta Bi Tomasa pamoja na godoro lake hadi barazani, mvua ikiwanyeshea miguu. Moto, kwa kuwa ulifungiwa, ulijifia ndani ya mashine. Wazima moto walikuta shuka mbili zimegeuka makaa. Mashine ilipona. Mapafu ya mzee wa miaka themanini na mmoja hayana ganda la bati.

Bi Tomasa alilazwa hospitalini Ponce siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, Efraín alitia sahihi karatasi za nyumba ya wazee. Hakumpigia dada yake kelele. Laiti angepiga. Mama alipoulizwa anataka kwenda wapi, alifumba macho.

Wilo alikaa barazani juma zima bila kuwasha redio. "Nilitaka kukusaidia," alisema hatimaye.

"Najua."

"Hata wewe uliona zile shuka."

"Niliona," alijibu Nereida. "Ndiyo maana sikulaumu peke yako."

Kisha akavuka uzio, akabisha kwa Bi Providencia. Jirani yake alifungua mlango nusu.

"Wataka nini?"

"Nataka unifundishe kutengeneza ile bodi."

"Kwa ajili ya nani? Kitanda ni kitupu."

"Kwa sababu sikukuuliza kilipokuwa na mtu."

 Bi Providencia akaenda kuchukua sanduku lake la vifaa.

Walianza asubuhi. Jambo la kwanza Bi Providencia hakugusa mashine. Alikwenda kwenye ukuta. "Swichi kuu imezimwa? Na plagi imechomolewa? Vyote viwili. Umeme wa mashine hii una nguvu mara mbili ya ule wa taa zako. Hausamehi." Akapima kwa mita, kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akaondoa bati la nyuma.

Wilo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ingia, bwana," alisema Bi Providencia bila kugeuka. "Nilisikia hapa pana mwanamume. Shika taa."

Wilo akaingia. Akashika taa.

Kwanza Bi Providencia alitazama koili na nyaya zote. "Zingekuwa zimeyeyuka, ningewaambia mkaitupe, na ningerudi kwangu. Si kila kitu hutengenezwa." Zilikuwa nzima, isipokuwa waya wa Wilo. Aliung'oa, akamkabidhi mwenyewe. Wilo akautia mfukoni.

Kisha Bi Providencia akamwambia Nereida apige picha bodi kabla ya kuchomoa waya wowote. "Usiamini kichwa. Kichwa husahau, picha haisahau." Bodi ikatoka, ukubwa wa daftari la shule. Kwa kioo cha kukuzia, Nereida aliona kisanduku cheusi, mfano wa kete ya dhumna. Miguu yake ilikuwa imezungukwa na duara la masizi.

"Hicho ni rilei," alisema Bi Providencia. "Ni bawabu wa joto. Bodi ikisema fungua, hufungua. Ikisema funga, hufunga. Umeme ulipokuja kwa kishindo, ulimuunguza bawabu. Ninyi mkavunja lango lote."

"Na kile kijidude?" aliuliza Wilo kwa sauti ndogo.

"Fyuzi ya joto. Joto likizidi, hujiua ili watu wasife. Kilikatika ili kiwaambie kitu. Ungetazama hapa, ungeelewa." Alivuta bomba linalotoa hewa ya moto nje. Lilikuwa limeungua, na kilichosalia ndani yake kilikuwa manyoya ya nguo yaliyoshindiliwa kama pamba ya mto. "Hewa haikuwa na pa kutokea. Fyuzi ikikatika, usiibadilishe kabla hujajua kwa nini. Na usiiruke kamwe."

Wilo aliisogeza taa karibu na lile bomba.

Baada ya siku nne vipuri walivyoagiza vilifika: rilei yenye namba zile zile, fyuzi mpya, bomba jipya la bati. Bi Providencia aliiyeyusha risasi ya kulehemia ya zamani, akaing'oa rilei iliyoungua, kisha akampa Nereida chuma cha kulehemia aipachike mpya.

"Mimi?"

"Mimi nitakufa. Mashine itaharibika tena."

Mguu wa kwanza ulitoka na donge la kijivu. "Baridi hiyo. Rudia. Pasha mguu, si risasi." Mguu wa pili ulitoka mdogo, laini, unaong'aa kama tone la maji. Bi Providencia hakumsifu. Alisogeza tu kiti chake nyuma kidogo, akamwachia nafasi.

Walipowasha, waliketi mbele ya mashine muda wote, watu wazima watatu wakitazama pipa likizunguka. Joto lilikuja. Muda ulipokwisha, lilizima lenyewe. Tangu siku hiyo Nereida husafisha kichujio cha manyoya kila baada ya kukausha, na bomba kila baada ya miezi mitatu. Haachi mashine ikifanya kazi nyumbani pasipo mtu.

Mtaani nako desturi ilibadilika. Umeme ukikatika, watu huzima swichi za mashine zao kubwa. Ukirudi, hushangilia kama zamani, lakini hakuna anayekimbia. Huwasha taa moja tu na kuitazama. Isipofifia kwa dakika ishirini, Bi Providencia hutoka na kugonga sufuria lake, ndipo mashine huwashwa. Mwaka huo hakuna bodi nyingine iliyoungua katika mtaa wao. Wilo ndiye huwapitia majirani kuwasafishia mabomba ya hewa, bila malipo. Waya wake umening'inia kwenye kioo cha lori.

Kila Jumapili Nereida hupeleka shuka Ponce. Mara ya kwanza alimfunika mama yake shuka ambayo bado ilikuwa na uvuguvugu, maana alikuwa ameipakata njia nzima. Bi Tomasa aliinusa.

"Hii haikuanikwa."

"Imekaushwa na mashine, Mama."

"Imepona?"

"Imepona. Nimeitengeneza kwa mkono wangu. Bi Providencia alinifundisha."

Mama alipapasa pindo la shuka kwa mkono wake mzima.

"Kumbe ilitengenezeka," alisema. "Na mimi nilikuita mara mbili."

 Nereida alimgeuza ubavu, taratibu, kama alivyozoea, akamtazama mgongo. Pale chini ya kiuno palikuwa na doa jekundu, dogo, ukubwa wa sarafu. Alimwita muuguzi, akamwonyesha, akasimama hapo mpaka lilipohudumiwa na kuandikwa. Hakunyamaza tena.

Jumatatu alirudi kwenye shuka. Mvua ilikuwa ikinyesha. Aliketi jikoni akichambua maharagwe, na mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa wazi. Mashine ikazunguka, ikazima joto, ikasimama.

Kengele ikalia.

Nereida aliinuka mara moja. Alikuwa amesikia. Hakuna aliyemwambia.