Dawa Isiyoshika

Thadeus alikutwa amekufa, amefungwa kwenye kiti, ndani ya duka lake la dawa mjini Voi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi ikapasuka. Damu ya fizi ilikuwa imemtapakaa kifuani. Sakafuni zilizagaa chupa tupu za dawa ya nyoka, ileile aliyokuwa akiwauzia watu. Ndani ya gunia pembeni, nyoka aina ya kifutu alikuwa bado anafoka. Mwosha huoshwa, jamani.

Inspekta Tryphena Nzomo aliona matundu ya sindano mkononi. "Nani anaua mtu huku akimtibu?"

Dakta Ndeti, mpasuaji maiti, aliokota chupa moja. "Lebo imekwanguliwa, ila maandishi yanasomeka kidogo. Hii ni ya nyoka wa ng'ambo. Dawa ya nyoka ni kingamwili, Inspekta. Kazi yake ni kuishika sumu isiiachie. Hii inaigusa sumu ya kifutu wetu, halafu inaiachia."

"Hata akidungwa nyingi?"

"Mikono milegevu haizuii mwizi, hata iwe mia. Sumu inaendelea kula nyama."

Tryphena aliigeuza kamba ya katani. Fundo lilikuwa la wakata mkonge, lile la kufungia matita. Na mkata mkonge aliyefiwa na mtoto kwa nyoka juzijuzi alijulikana: Omolo.

Yeye na konstebo wake walimkuta shambani ananoa panga.

"Omolo, Thadeus amekufa. Ameumwa na nyoka."

"Pole yake. Dawa haikumshika."

"Nani amekwambia alidungwa dawa?"

Panga likaruka. Lilimpasua konstebo shavu kabla Omolo hajabwagwa chini, goti mgongoni, vumbi mdomoni.

"Kwa nini?" Tryphena aliuliza.

"Mwanangu Branice alidungwa dawa ya Thadeus. Akatulia, hata akaomba uji. Kisha sumu ikarudi, akafa akitapika damu. Thadeus akaniambia dawa ni nzuri, ila mimi nilimchelewesha mtoto. Mama yake akaamini. Hataki hata kuniona."

"Ndiyo maana ukamuua?"

"Nilitaka kujua, afande. Kifutu alipomuuma nilimdunga papo hapo, sikuchelewa hata kidogo. Nikamdunga chupa zote. Akatulia, akanitukana. Nikasema, kumbe kweli ni mimi niliyemchelewesha mtoto. Kisha naye akaanza kutapika damu."

Pingu zikafungwa. Omolo aliinua uso wenye matope ya damu.

"Daktari amesema nini? Nilimchelewesha?"

Tryphena alichuchumaa karibu naye.

"Hukumchelewesha, baba Branice."

Hapo ndipo Omolo alipolia.